Kufa na kuzikana Dar es Salaam: kikundi cha mtaa, umoja wa kwetu, nyumba ya ibada au SACCOS?

Kabla hujauliza mchango ni shilingi ngapi, kaeni kama familia mjibu swali ambalo wengi hulikwepa: mtu wetu atazikwa wapi? Kuzika Kondo au Pugu, hapahapa Dar, ni hesabu moja. Kupeleka mwili Moshi, zaidi ya kilomita 500, ni hesabu nyingine, na kuufikisha Bukoba, zaidi ya kilomita 1,300, ni nyingine kabisa. Anayelipia kikundi cha mtaa Mbagala kinachotoa turubai na viti, ilhali ukoo wake wote huzikwa Kyela, amekingia gharama ndogo akaiacha kubwa nje. Na Mzaramo wa Chanika ambaye kaburi lake litachimbwa hapohapo kwao hana sababu ya kulipa mchango mkubwa wa nauli za kwenda mkoani.

Kwa hiyo hapa hatutafuti kikundi bora kuliko vyote. Tunavipanga vyama vinne ambavyo wakazi wengi wa Dar wanavitegemea, vyote vya kusaidiana na si vya faida, tuone kila kimoja kinabeba nini na kinaangusha wapi.

Cha kwanza ni kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa: majirani wanaojuana, wana katiba fupi, kiingilio, na mchango wa kila mwezi au wa papo kwa papo msiba unapotokea. Cha pili ni umoja wa watu wa kwetu: wa kijiji, wilaya, au ukoo waliohamia mjini. Cha tatu ni msikiti au kanisa, pamoja na kamati ya mazishi na jumuiya zake. Cha nne ni ushirika wa akiba, yaani SACCOS, na mdogo wake kikoba, ambavyo havikuundwa kwa ajili ya msiba ila vingi vina mfuko wa rambirambi pembeni.

Saa 24 za kwanza

Hapa ndipo tofauti zinapoonekana wazi kuliko popote.

Kwa Muislamu, mara nyingi mazishi ni siku hiyohiyo. Akifariki alfajiri anaweza kuzikwa baada ya adhuhuri au alasiri. Hundi inayosubiri sahihi ya Jumanne haina msaada. Kinachohitajika ni watu na vitu: waoshaji, sanda (vipande 3 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke), kafuri, pamba, marashi, wachimba kaburi, na vibao vya kufunikia mwanandani, yaani shimo dogo la ndani ya kaburi anamolazwa maiti. Jeneza ni la msikiti. Linabeba maiti hadi makaburini na kurudi mahali pake. Ndiyo maana kamati ya msikiti iliyojipanga ndiyo njia nafuu kuliko zote kwa maziko yenyewe. Uliza kamati yenu mambo mawili tu: je, sanda kamili zipo stoo muda wote, za kiume na za kike? Na nani anashika simu ya wachimba kaburi usiku? Msikiti usio na majibu hayo una nia njema lakini asubuhi ya msiba mtu atatumwa Kariakoo kutafuta bafta, kitambaa cha sanda, wakati wenzake wanamngoja.

Ila msikiti unazika, haulishi. Chakula cha matanga, hitma na arobaini vinabaki kwa familia, na kwa nyumba nyingi za Kiislamu hapo ndipo fedha inapotoka. Kikundi cha mtaa ndicho kinachoziba pengo hilo. Msikiti na kikundi cha mtaa kwa pamoja vinatosha kwa mtu anayezikwa Dar. Umoja wa mkoani kwake ni nyongeza.

Kwa Mkristo anayesafirishwa, muda ni siku tatu hadi tano, na mfuatano wa gharama ni tofauti. Siku ya kwanza ni mochwari na watu kuanza kujaa nyumbani. Ya pili au ya tatu ni jeneza na malipo ya awali ya gari. Kanisa linatoa ibada, kwaya na wanajumuiya wanaokuja kupika na kusali jioni. Fedha inayotoka huko mara nyingi ni sadaka iliyokusanywa, na kiasi chake hakijulikani hadi ihesabiwe. Jambo ambalo familia hugundua kwa kuchelewa ni kwamba jumuiya inahudumia mtu inayemjua. Mtu aliyehama Tabata kwenda Goba bila barua ya uhamisho, miaka mitatu hakanyagi jumuiya, familia yake itatumia siku ya pili ya msiba kueleza yeye ni nani badala ya kupanga mazishi. Barua hiyo haina gharama yoyote. Ichukue ukiwa unahama.

SACCOS ndiyo ya mwisho kwa kasi ikiwa aliyefariki ni mwanachama mwenyewe. Akiba na hisa zake hulipwa kwa mrithi aliyeandikwa, na ofisi itataka cheti cha kifo na vitambulisho. Hiyo ni fedha ya baada ya mazishi. Lakini ikiwa mwanachama amefiwa na mzazi, SACCOS yenye mkopo wa dharura inaweza kumpa fedha upesi kuliko umoja wowote. Kumbuka tu kwamba huo ni mkopo, na utaulipa ukiwa bado na majonzi. Faida kubwa ya SACCOS ambayo haisemwi sana ni kinga ya mkopo: ikiwa chama kina utaratibu huo, deni la marehemu linafutwa na mjane hadaiwi. Uliza kama ipo, na inaishia kiasi gani.

Orodha ndiyo inayovunja vikundi

Watu hubishana kuhusu mchango, elfu tano au elfu kumi. Vikundi vingi vinavyokufa haviuawi na mchango mdogo. Vinauawa na orodha ndefu ya watu wanaohesabiwa.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wanachama 60, kila mmoja akitoa 5,000 kwa mwezi. Mwezi mmoja ni 300,000, mwaka ni 3,600,000. Katiba inasema kila msiba ni 500,000, na wanaohesabiwa ni mwanachama, mwenza, watoto wanne, wazazi wawili na wakwe wawili. Hao ni watu 10 kwa kila mwanachama, jumla 600. Kati yao wazazi na wakwe ni 240, wengi wakiwa wazee. Ikiwa katika kila wazee 30 anafariki mmoja tu kwa mwaka, hiyo ni misiba 8, sawa na 4,000,000. Mfuko umekwisha na deni la 400,000 juu, na hata mwanachama mmoja bado hajaguswa. Msiba wa tisa ukiwa wa mwenyekiti mwenyewe, mkewe ataambiwa asubiri.

Dawa si kuwafukuza wazee kwenye orodha. Ni kuweka viwango viwili. Mzazi au mkwe 200,000. Mwanachama, mwenza na mtoto 500,000. Misiba ileile 8 ya wazee inakuwa 1,600,000, na zinabaki 2,000,000 za misiba minne ya ndani ya kaya. Hesabu hii ifanyeni ubaoni kwenye kikao, kila mtu aione, kwa sababu mwanachama asiyeelewa sababu ya mzazi kulipwa kidogo ataona amedhulumiwa siku akifiwa.

Maswali mengine ya orodha yanayoleta ugomvi: ndugu wawili wako kikundi kimoja na mama ni mmoja, je, wanalipwa mara mbili? Mwenye wake wawili anahesabiwaje? Mtoto wa miaka 30 mwenye nyumba yake bado ni mtegemezi? Shangazi aliyemlea mtu tangu utotoni ni mzazi au si mzazi? Jibu lolote lina nafuu kuliko kutokuwa na jibu. Njia nzuri tuliyoiona ikifanya kazi ni kuacha maneno ya undugu na kutumia majina: kila mwanachama anaandika watu wasiozidi wanane, kwa majina, na kuyabadili mara moja tu kwa mwaka, kwenye kikao cha Januari. Shangazi akiwa ndani ya majina manane, yumo, hakuna mjadala.

Muda wa kusubiri nao ni wa lazima, miezi mitatu hadi sita. Bila huo, watu watajiunga mgonjwa akiwa tayari wodini.

Umoja wa watu wa kwetu una tatizo hilihili kwa sura nyingine. Wanachama wake ni ndugu, hivyo msiba mmoja unawagusa watu kumi kwa pamoja. Hapo sharti liwe "msiba mmoja, malipo mamoja", hata kama waliofiwa ni kumi.

Papo kwa papo au kila mwezi

Mchango wa papo kwa papo unapendwa kwa sababu hakuna fedha inayokaa mikononi mwa mtu. Wanachama 60 kwa 10,000 ni 600,000. Kwenye karatasi. Robo yao wakichelewa hadi mwisho wa mwezi, siku ya kuzika mkononi kuna 450,000, na katibu anawapigia simu watu badala ya kwenda makaburini.

Mchango wa mwezi unaondoa usumbufu huo lakini unaleta mwingine: fedha inayorundikana inaita mikopo, na mikopo inaita visingizio. Kikundi cha mazishi kikianza kukopesha mfuko wa msiba, siku ya msiba mfuko uko kwenye biashara ya mtu.

Tunachopendekeza ni katikati. Kila mwanachama anatanguliza 20,000. Hiyo ni 1,200,000, yaani misiba miwili ya 600,000 imeshalipiwa kabla haijatokea. Ukitokea msiba, fedha inatoka siku hiyohiyo, na kila mtu ana siku 30 za kurudisha 10,000 yake. Wachelewaji wanadaiwa na mfuko, si na mfiwa. Asiyerudisha hadi misiba miwili imepita, jina linasimama hadi alipe. Hakuna mlundikano mkubwa wa kumtamanisha mtu, na hakuna simu za usiku.

Nani anashika fedha

SACCOS ndiyo yenye ulinzi mkubwa wa kisheria. Inaandikishwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, inasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, inahitaji leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na mahesabu yake yanapaswa kukaguliwa. Kuianzisha kunataka watu wasiopungua 20 na subira ya makaratasi. Usianzishe SACCOS kwa ajili ya mazishi peke yake. Kikoba kiko daraja la nne la sheria hiyo ya 2018 na kinaandikishwa kupitia halmashauri: Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Afisa maendeleo ya jamii ndiye wa kuanza naye. Umoja mkubwa wa wilaya au mkoa unaandikishwa kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Vikundi vingi vya mtaa vina barua ya serikali ya mtaa tu, na kwa mfuko wa milioni moja barua hiyo, katiba na muhtasari wa kikao vinaweza kuwatosha. Mkifika milioni tano, jiandikisheni.

Lakini cheti ukutani hakizuii wizi. Kinachozuia ni taratibu ndogo za kila mwezi. Vikoba vinatumia sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Utaratibu mzuri kwa akiba, mbaya kwa msiba: saa sita za usiku mshika ufunguo mmoja yuko Mkuranga shambani, na sanduku halifunguki. Akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, wawili wakitosha, ina kasoro ya namna hiyo, kwani msiba wa Jumamosi jioni unangoja Jumatatu. Akaunti ya kikundi ya kwenye simu, kama M-Koba, inamaliza tatizo la saa kwa sababu viongozi wanaidhinisha popote walipo, na kila mwanachama anaona muamala. Kwa kikundi cha mazishi tunaiweka mbele ya sanduku.

Angalia pia daftari. Ukurasa wa mwanachama uwe na safu hizi: tarehe, kiasi, kumbukumbu ya muamala, sahihi ya mpokeaji, sahihi ya mtoaji. Ukiona daftari limeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, wino haubadiliki kutoka Januari hadi Juni, jua halijajazwa kikaoni. Limeandikwa siku moja nyumbani kwa mtu. Ondoka na kiingilio chako.

Vitu vinavyolipa kuliko fedha

Kikundi cha mtaa chenye turubai mbili, viti 100, sufuria kubwa nne, masinia na ndoo kinampunguzia mfiwa kodi ya vitu hivyo kwa siku zote za msiba. Katika siku tano, hilo linaweza kuzidi rambirambi ya fedha. Vitu vikikodishwa kwenye shughuli za wasio wanachama, mfuko unaongezeka.

Vinaharibika kwa sababu mbili zinazojirudia. Masika, turubai hukunjwa likiwa bichi kwa sababu kila mtu anataka kurudi nyumbani. Ndani ya wiki mbili linaota ukungu, na mshono unaanza kuachia kwenye matundu ya kamba. Likunjueni kesho yake juani, likaushwe pande zote mbili, ndipo liingie stoo. Na viti vya plastiki huvunjika miguu kwa kurundikwa zaidi ya ishirini kwenye guta. Andikeni idadi inayotoka na inayorudi, mkopaji asaini zote mbili.

Umoja wa watu wa kwetu nao una kitu ambacho fedha hainunui kirahisi: watu upande wa pili. Mwili unapofika kijijini kaburi limechimbwa, na wazee wanajua nani atasimama wapi. Ila hakikisheni vipimo vinatangulia. Jeneza linapimwa kwa urefu wa marehemu na upana wa mabega, na wachimbaji wapewe kipimo cha jeneza pamoja na vishikio vyake, si kipimo cha mtu. Kaburi lililochimbwa kwa kukadiria huweza kulizuia jeneza katikati mbele ya watoto wa marehemu, na hakuna familia inayosahau hilo.

Gari la safari ndilo linalomeza fedha ya umoja. Mkataba uandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: mafuta ni ya nani, madereva ni wawili au mmoja, posho na malazi yao, siku ngapi za kungoja, na waombolezaji wanarudi na gari hilohilo au la. Bei iliyotajwa kwenye simu mara nyingi ni ya kwenda tu. Baadhi ya umoja hununua safari kwa pamoja, wakipatana na mwenye magari bei moja kwa mwaka mzima. Vikundi vya mtaa vinaweza kufanya hivyohivyo na fundi seremala kwa majeneza. Huo ndio ushirika wenye maana, kwa sababu mfiwa hana uso wa kupatana bei akiwa analia.

Kabla ya kujiunga na umoja, uliza sharti moja: mwanachama akizikwa Dar, familia inapata nini? Katiba nyingine zinatoa malipo kamili, nyingine nusu, nyingine hazisemi. Isiyosema itasema vibaya.

Nje ya vyama hivi

Mwajiriwa wa sekta binafsi anayechangiwa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ana msaada wa mazishi kati ya mafao yake. Uufuatilie, lakini uhesabu kama fedha ya kulipia madeni ya msiba. Bima za mazishi za makampuni na benki ni biashara. Ukizitaka, kikundi kizima kikinunua bima moja kinaweza kupatana masharti kuliko mtu mmoja mmoja. Soma kipindi cha kusubiri na umri wa mwisho wa wazazi.

Kwa hiyo, wewe uchague kipi

Utazikwa Dar na ni Muislamu: kamati ya msikiti kwanza, kikundi cha mtaa cha vitu na chakula pili. Inatosha.

Utasafirishwa mbali: umoja wa kwetu ndio mhimili, na kikundi cha mtaa kwa siku za Dar kabla ya safari. Usikose jumuiya.

Umepanga chumba, unahama kila mwaka: kikundi cha mtaa kitakupotezea viingilio. Chukua umoja au mfuko wa kazini, na weka akiba SACCOS.

Una wazazi na wakwe wanne wazee na kipato kidogo: tafuta kikundi chenye orodha ya majina, lipa mapema kabla yeyote hajaugua, na usijiunge na zaidi ya viwili. Vikundi vitatu ukichelewesha vyote, siku ya msiba huna hata kimoja.

Mwanamke aliyeolewa asijifiche nyuma ya jina la mume. Jiunge kwa jina lako. Na fomu ya kila chama iwe na majina mawili ya wapokeaji, yenye namba za simu, kwa sababu ugomvi wa mjane na ukoo kuhusu fedha ya rambirambi huanzia kwenye nafasi hiyo iliyoachwa wazi.

Weka bahasha moja nyumbani, mtu mzima mwingine ajue ilipo: nakala za vitambulisho, kadi za vyama vyote, risiti ya mwisho ya kila mchango, barua ya jumuiya, namba ya mwenyekiti wa mtaa. Aliyefia hospitali, kibali cha mazishi huanzia huko. Aliyefia nyumbani, anza na uongozi wa mtaa. Kifo cha ajali hupita polisi kwanza, kwa hiyo msitangaze saa ya kuzika kabla ya hapo. Kisha kifo kisajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndani ya siku 30, maana SACCOS, NSSF na bima zote zitadai cheti hichohicho. Ombeni nakala zilizothibitishwa kadhaa kwa safari moja.